Mwaka wa Kidato cha Sita: Nyaraka Zitangulie Matokeo

Kila mwaka ifikapo Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutangaza matokeo ya Kidato cha Sita. Siku chache baadaye vyuo vikuu hufungua maombi ya udahili, wakati dirisha la mkopo wa elimu ya juu nalo liko wazi. Kwa familia iliyojiandaa, majuma hayo ni ya kuchagua kozi na chuo. Kwa familia isiyojiandaa, ni majuma ya kukimbizana na mihuri: cheti cha kuzaliwa hakipo, cha kifo cha baba hakijawahi kuombwa, na jina la mtoto limeandikwa kwa namna tatu katika karatasi tatu.

Kijana anaweza kufaulu mtihani na bado akakosa chuo au mkopo. Mtihani humtaka mwanafunzi peke yake. Nafasi ya chuo na mkopo humtaka mwanafunzi, mzazi au mlezi, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, msajili wa vizazi na vifo, na hakimu au wakili, kila mmoja kwa wakati wake. Makala haya yanaeleza kazi hizo kwa mpangilio, ili wazazi na walezi wa Wilaya ya Muheza, kuanzia Kigombe pwani hadi Amani milimani, wazianze mapema, kabla mwanafunzi hajaingia chumba cha mtihani.

Kalenda mbili katika mwaka mmoja

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita ana kalenda ya shule anayoifahamu vizuri. Huanza Julai, hufanya mtihani wa utamilifu mapema mwaka unaofuata, na hufanya mtihani wa Taifa mwezi Mei. Sambamba na hiyo ipo kalenda ya pili, ambayo aghalabu haibandikwi ukutani. Mwishoni mwa Mei au mapema Juni, wahitimu huanza kuripoti katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kati ya Juni na Julai, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufungua dirisha la maombi, ambalo katika miaka ya karibuni limekuwa likifungwa mwishoni mwa Agosti au Septemba. Katikati ya Julai hufunguliwa awamu ya kwanza ya udahili wa shahada, ambayo hufungwa mapema Agosti. Masomo ya mwaka wa kwanza huanza kati ya Oktoba na Novemba.

Ukiziweka kalenda hizo pamoja, utaona kwamba kazi nyingi za maombi huangukia miezi mitatu, na kwamba katika miezi hiyohiyo kijana mwenyewe huenda yuko kambini. Hata kabla ya hapo, wanafunzi wengi wa wilaya hii husomea Kidato cha Tano na cha Sita mbali na nyumbani. Wapo walioko Usagara, Galanos na Tanga Ufundi jijini Tanga, Korogwe Wasichana, Magamba kule Lushoto, na wengine hupangiwa shule za mikoa ya mbali. Aliyeko bweni hawezi kwenda kwa mtendaji wa kijiji chake siku ya kazi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi ya nyaraka ni ya mzazi au mlezi, na inafaa ikamilike kabla ya mwezi Mei.

Jina moja katika kila karatasi

Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi ana jina moja katika nyaraka zote. Katika pwani hii jina moja huandikwa kwa namna nyingi. Rajabu huwa Rajab, Athumani huwa Othman, Mwanaidi huwa Mwanahidi, na Abdallah hupungua herufi. Wengine hutumia jina la babu shuleni na jina la ukoo nyumbani. Kijijini tofauti hizo hazina madhara, kwa kuwa kila mtu anamjua mtoto wa nani. Mfumo wa kompyuta haumjui. Kwake, Rajabu na Rajab ni watu wawili.

Mzazi aanze kwa kuweka mezani karatasi nne: cheti cha Kidato cha Nne, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, na kitambulisho cha mzazi mwenyewe. Cheti cha Kidato cha Nne ndicho kielelezo, kwa sababu namba ya mtihani wa Kidato cha Nne ndiyo hutumika kumtambua mwombaji wa chuo na wa mkopo. Nyaraka nyingine zilinganishwe nacho herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

Endapo mtoto hajawahi kupata cheti cha kuzaliwa, sasa ndio wakati wa kukiomba. Usajili wa vizazi na vifo uko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na wilayani huduma hiyo hutolewa katika Ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa kizazi cha zamani msajili huhitaji ushahidi wa mahali na tarehe ya kuzaliwa. Tangazo la kizazi lililotolewa hospitali, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au cheti cha kumaliza elimu ya msingi ni miongoni mwa vielelezo vinavyosaidia. Fomu ijazwe kwa jina lilelile lililomo katika cheti cha shule. Mzazi anayejaza jina jingine kwa kuwa "ndilo jina lake la nyumbani" anamtengenezea mtoto tatizo jipya.

Ikiwa cheti cha kuzaliwa kipo lakini jina linatofautiana, mhusika aende kwa msajili aulize iwapo ni kosa la uandishi linaloweza kurekebishwa. Pale isipowezekana, hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili hueleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kila chuo na kila taasisi ina utaratibu wake wa kupokea hati hiyo. Ni vema kuuliza kabla ya kulipia.

Kuwa na cheti hakutoshi. Kwa maombi ya mkopo, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya vifo huhakikiwa na RITA kwa njia ya mtandao kabla ya kuambatishwa, na uhakiki huchukua siku kadhaa. Mamia ya maombi yanapoingia kwa wakati mmoja mwezi Julai na Agosti, subira huwa ndefu zaidi.

Jambo moja linazihusu familia nyingi za Tanga kipekee. Kijana aliyezaliwa Pemba au Unguja, au ambaye mzazi wake alifia huko, hahakikiwi na RITA. Vyeti vyake huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kwa kizazi au kifo kilichotokea nje ya nchi, mathalani Mombasa, mwombaji huomba barua maalumu kutoka taasisi hizo. Familia zenye ndugu pande mbili za bahari zisisubiri Agosti ndipo zianze kutafuta aliyekaa na karatasi.

Yatima, kaya za TASAF na wenye ulemavu

Bodi ya Mikopo hupima uhitaji wa mwombaji kwa vielelezo. Hali ya maisha inayojulikana na kijiji kizima, lakini isiyokuwa na karatasi, haihesabiwi.

Kijana aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili huambatisha vyeti vya vifo vilivyohakikiwa. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa kuwa mazishi hufanyika siku hiyohiyo au kesho yake, na hakuna anayerudi kuandikisha kifo. Miaka 10 baadaye mtoto hujaza fomu ya mkopo akiwa yatima asiye na ushahidi wa uyatima. Kwa kifo kilichotokea hospitali, taarifa za hospitali husaidia. Kwa kifo cha nyumbani, familia ianze katika ofisi ya kijiji ipate barua, kisha iende kwa msajili ikaelezwe vielelezo vingine vinavyohitajika. Shauri hili linaweza kuchukua majuma, hasa pale mashahidi wa kifo wamehama.

Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini iwe na namba yake ya utambulisho tayari, kwani mwombaji hutakiwa kuiandika. Mwanafunzi mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huhitaji uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Mlezi anayemtunza mtoto wa ndugu anaweza kupata ushauri kwa ofisa ustawi wa jamii wa Halmashauri.

Kuyasoma matokeo: pointi za aina mbili

Matokeo yanapotoka, wazazi hutazama divisheni kwanza. Divisheni ina maana yake, lakini siyo inayofungua mlango wa chuo kikuu. Kuna hesabu mbili za pointi, na zinakwenda kinyume.

Katika hesabu ya NECTA, alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi za masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, na zikiwa chache ndio bora: 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu. Katika hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mambo hugeuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Hapa zikiwa nyingi ndio bora. Sharti la jumla la kujiunga na shahada ya kwanza ni ufaulu mkuu, ambao wanafunzi huuita prinsipo, katika masomo mawili yanayohusiana na kozi, na jumla ya pointi za masomo hayo mawili isipungue 4. Ufaulu mkuu ni kuanzia A hadi E. S haimo.

Mfano utaonyesha tofauti. Wanafunzi wawili wa tahasusi ya HGL wamepata divisheni ya tatu. Wa kwanza ana D ya Historia, D ya Jiografia na E ya Lugha ya Kiingereza, yaani pointi 13 za NECTA. Kwa hesabu ya TCU masomo yake mawili bora yana 2 na 2, jumla 4. Amefikia sharti la jumla. Wa pili ana E tatu, yaani pointi 15, naye pia ni divisheni ya tatu. Lakini masomo yake mawili bora yana 1 na 1, jumla 2. Huyu hawezi kudahiliwa moja kwa moja katika shahada. Divisheni ni moja, njia ni mbili. Mzazi asiyeijua tofauti hii anaweza kulipia maombi katika vyuo vitano bila faida.

Zaidi ya sharti la jumla, kila kozi ina masharti yake. Udaktari wa binadamu huhitaji ufaulu mkuu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Kozi nyingi za uhandisi haziwezi kumpokea asiyesoma Fizikia na Hisabati. Kozi nyingine hutazama pia alama za Kidato cha Nne, kwa mfano za Hisabati au Kiingereza. Masharti haya yote huchapishwa na TCU katika mwongozo wa udahili, ambao husomwa bure katika tovuti yake. Mwanafunzi anayeusoma mwongozo wa mwaka uliotangulia akiwa bado darasani hupata faida kubwa. Atajua ni somo gani likipanda kutoka E hadi D litabadilisha orodha nzima ya kozi zinazomfungukia, na atapanga saa zake za kujisomea kwa kuzingatia hilo.

Kuomba chuo

Tangu mwaka wa masomo wa 2017/2018 mwombaji wa shahada hutuma maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka, na si kupitia mfumo mmoja wa pamoja kama ilivyokuwa hapo awali. Anaweza kuomba katika vyuo kadhaa, ila kila chuo hutoza ada yake ya maombi. Kabla ya kulipa, ahakikishe kwamba chuo kinatambuliwa na TCU na kwamba kozi imo katika mwongozo wa mwaka husika.

Orodha nzuri ya kozi huwa na ngazi tatu. Ya kwanza ni kozi anayoitamani hata kama ushindani wake ni mkali. Ya pili ni kozi ambayo alama zake zinaifikia kwa nafasi nzuri. Ya tatu ni kozi ambayo ana uhakika nayo na ambayo, akipangiwa, ataisoma kwa moyo. Anayejaza kozi tatu zenye ushindani mkali hujikuta awamu ya pili au ya tatu, ambapo kozi nyingi zimekwishajaa.

Mwombaji akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hutakiwa kuthibitisha kimoja tu. Uthibitisho hufanyika kwa namba ya siri inayotumwa katika simu au barua pepe aliyoijaza katika maombi, na una siku chache za mwisho. Hivyo namba ya simu iliyojazwa iwe ya mwombaji au ya mzazi wake, na laini hiyo ibaki hewani. Wapo wanaojaziwa maombi kwenye steshenari kwa namba na barua pepe ya mwenye kompyuta. Siku ya kuthibitisha ikifika, ujumbe huenda kwake, na huenda amekwishabadili laini. Nenosiri la kila akaunti liandikwe katika daftari moja linalokaa nyumbani.

Mkopo: masharti, fomu na marejesho

Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023. Hatua hiyo ilizipunguzia familia mzigo, lakini chuo kikuu kina gharama zake, na kwa kaya nyingi mkopo ndio daraja pekee.

Mkopo hutolewa kwa Mtanzania asiyezidi umri wa miaka 35 wakati wa kuomba, aliyedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa kwa masomo ya muda wote, asiye na kipato chake cha ajira au biashara, na aliyehitimu Kidato cha Sita au sifa linganifu ndani ya miaka 5 iliyopita. Unaweza kugusa chakula na malazi, ambayo wanafunzi huyaita bumu, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Si kila anayeomba hupata vyote. Kiasi hutegemea uhitaji uliothibitishwa.

Maombi hujazwa katika mfumo wa mtandao wa Bodi kwa kutumia namba ya mtihani wa Kidato cha Nne. Aliyefanya mtihani huo zaidi ya mara moja atumie namba ileile katika maombi ya chuo na ya mkopo. Baada ya kujaza, fomu huchapishwa na kusainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na hakimu au wakili, kisha hurudishwa katika mfumo. Kosa la kawaida ni kupakia kurasa zisizo na saini au muhuri, au picha iliyofifia isiyosomeka. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, mwombaji na mzazi wazipitie kurasa zote pamoja. Bodi ikiona kasoro hutoa nafasi ya kurekebisha, lakini ni kwa mwombaji anayefungua akaunti yake na kusoma ujumbe.

Wapo wazazi wanaoukataa mkopo kwa hofu ya riba. Ni vema wakajua kwamba mwaka 2021 Serikali iliiondoa tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Mkopo ni deni, na familia ina haki ya kulipima. Ilipime kwa kujua sheria ilivyo leo.

Kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi, upo pia Ufadhili wa Samia, ulioanzishwa mwaka wa masomo wa 2022/2023 kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na elimu tiba. Huu ni ufadhili, haurejeshwi. Mwanafunzi wa PCM au PCB anayesoma kwa bidii ana sababu ya kuujua mapema.

Kambi ya JKT isikatize maombi

Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalirejeshwa mwaka 2013 baada ya kusitishwa mwaka 1994. Mkoa wa Tanga una kambi za Maramba wilayani Mkinga na Mgambo wilayani Handeni, lakini mhitimu anaweza kupangiwa kambi ya mkoa wowote. Akiwa kambini hana uhuru wa kwenda steshenari wala kushika simu atakavyo.

Kabla ya kuondoka, kijana amwachie mzazi au ndugu mwaminifu jalada lenye nakala za vyeti vyote, namba za uhakiki, daftari la nenosiri, laini ya simu iliyotumika katika maombi, na orodha ya kozi alizozichagua kwa matokeo ya aina tatu: yakiwa mazuri, ya wastani, au ya chini. Orodha hiyo humwepusha mzazi na kumchagulia mwanawe kozi kwa kubahatisha.

Fedha za majuma ya mwanzo

Ada za maombi, uhakiki wa vyeti, nauli na matumizi ya siku za mwanzo chuoni huja kabla ya fedha za mkopo kuanza kutoka. Kwa familia za wavuvi wa Kigombe, gharama hizo huangukia msimu wa kusi, bahari inapochafuka na ngalawa kulala pwani siku nyingi. Kwa wakulima wa machungwa, fedha ya msimu huingia kwa wingi na kuondoka kwa haraka. Kaya inayotenga kidogokidogo tangu mtoto akiwa Kidato cha Tano, iwe katika kikundi cha kuweka na kukopa, benki au simu, haitalazimika kuuza mbuzi kwa bei ya shida mwezi Oktoba.

Ni katika shida hizo matapeli hupata mwanya. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kuuza nafasi ya chuo wala kuongeza asilimia ya mkopo kwa malipo ya mkononi. Malipo halali ya taasisi za umma hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Anayeomba fedha kwa namba yake binafsi atiliwe shaka na ataarifiwe polisi.

Pointi zisipotosha

Kukosa pointi 4 si mwisho wa safari. Mhitimu anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kusoma programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo chake jijini Tanga. Anaweza pia kuanza na stashahada, kisha akaingia shahada akiwa na wastani usiopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne. Njia ya stashahada hurefusha miaka, lakini humpa kijana ujuzi wa kazi njiani. Tangu 2023/2024 Bodi ya Mikopo hukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Vyuo vya karibu ni vingi kuliko wengi wanavyodhani. Buhuri jijini Tanga kuna chuo cha mifugo, Korogwe chuo cha ualimu, Lushoto Chuo cha Uongozi wa Mahakama kinachofundisha sheria, Mbegani kule Bagamoyo chuo cha uvuvi, na VETA Tanga kwa mafunzo ya ufundi. Bandari ya Tanga imepanuliwa, na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia Chongoleani. Kazi za namna hiyo huhitaji mafundi sanifu sawa na wahandisi. Chuo chochote cha stashahada kihakikiwe kwanza katika orodha ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

Mwaka kwa ufupi

Julai hadi Septemba: linganisha majina katika nyaraka zote; omba cheti cha kuzaliwa au cha kifo kisichokuwepo.

Oktoba hadi Desemba: shughulikia tofauti za majina, tumia likizo ya Desemba kumkutanisha kijana na msajili, NIDA na ofisi ya kijiji.

Januari hadi Machi: hakiki vyeti RITA au Zanzibar, soma mwongozo wa udahili uliopita pamoja na walimu, andika orodha ya kozi.

Aprili na Mei: mwanafunzi aachiwe mtihani wake. Mzazi asimpigie simu mwalimu kuulizia muhuri.

Juni hadi Agosti: jaza mkopo mapema, omba chuo mara dirisha linapofunguliwa, fungua akaunti za maombi kila juma kusoma ujumbe, thibitisha chuo kimoja.

Septemba na Oktoba: rekebisha kasoro zilizotajwa na Bodi, andaa nauli na mahitaji ya kuripoti.

Tarehe kamili hutangazwa kila mwaka na NECTA, TCU, HESLB na JKT, na tangazo rasmi ndilo la kufuatwa. Mzazi asiyetumia mtandao aende kwa mtendaji wa kata, kwa mkuu wa shule iliyo karibu, au katika ofisi ya elimu sekondari ya Halmashauri aulize. Aende na karatasi zake mkononi, mwezi wa Julai huu, mtoto angali darasani.